Guangzhou ina nini zaidi ya masoko? Ufuateni mto

Swali: Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo, nauza mapazia na mashuka. Katikati ya Novemba naenda Guangzhou kuchukua mzigo, na safari hii nimeamua kwenda na mama yangu. Ana miaka 64. Anatembea vizuri ila goti la kulia linamsumbua, ngazi nyingi hawezi. Nikitoa siku za kazi tunabaki na siku mbili za kutembea. Wenzangu wote wananiambia nisijisumbue, Guangzhou ni masoko na magodauni tu, hakuna cha kumwonyesha mtu mzima. Ni kweli? Sisi ni Waislamu, kwa hiyo na suala la chakula linanipa mawazo.

Jibu: Dada yangu, kabla ya yote mfikishie mama shikamoo yangu.

Wenzako hawakudanganyi, wanakuambia walichokiona. Mtu anashuka uwanja wa ndege wa Baiyun, analala Xiaobei au Sanyuanli, asubuhi anachukuliwa na wakala, mchana anabishania bei, usiku anahesabu maboksi. Siku ya kumi yuko njiani kurudi. Nimefanya kazi ya ukalimani na kuongoza wageni mjini humo kwa miaka tisa, na nimekutana na watu waliokwenda mara saba, mara nane, wanaovuka mto kila siku bila kuuona, kwa kuwa wamo ndani ya teksi wanasoma ujumbe wa simu. Na wewe wa mapazia utapita njia hiyohiyo: soko la vitambaa la Zhongda liko upande wa kusini wa mto, na hoteli nyingi wanazofikia watu wetu ziko kaskazini.

Ninachokuomba ni kimoja. Siku hizo mbili ufuateni mto, kutoka magharibi kwenye mji wa zamani hadi mashariki kwenye maghorofa mapya. Kandokando ya mto ni tambarare, kwa hiyo goti la mama halitateseka. Lakini sababu yangu kubwa ni kwamba mto ndio uliouzaa mji huo. Masoko mnayoyajua yamekuja juzi tu, juu ya biashara iliyokuwapo zaidi ya miaka elfu moja, na hilo mama atalielewa akiliona kwa macho kuliko wewe kumsimulia.

Jina la mto, Zhujiang, maana yake ni Mto wa Lulu. Wenyeji wana hadithi ya mfanyabiashara mgeni aliyenunua lulu ya thamani kubwa mjini humo. Alipopanda chombo kurudi kwao, lulu ikamponyoka, ikatumbukia majini na kugeuka mwamba. Mwamba wenyewe ulikuwapo kweli, ukiitwa Haizhu, katikati ya mto, mpaka ukingo ulipofukiwa katika miaka ya 1930 ukamezwa na barabara. Zamani maji yalikuwa mapana kuliko mtakavyoyakuta leo. Wazee wanaozungumza Kikantoni, lugha ya mji huo, mpaka sasa, wakienda ng'ambo ya mto, husema wanavuka bahari.

Kuhusu kupanga: usiziweke siku hizo mbili mwisho wa safari. Hili nalisema kwa mkazo, maana nimeona likiharibu ahadi nyingi za watoto kwa wazazi wao. Kiwanda kikichelewa siku moja, wakala akiomba usubiri kupima ujazo wa mzigo, salio likigoma kupita benki, siku zinazoliwa ni zile za mwisho. Agiza kwanza, lipa malipo ya awali, halafu mkatembee wakati mafundi wanashona. Novemba umechagua vizuri sana. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton (ndilo jina la zamani la Guangzhou kwa Wazungu), yanayofanyika tangu 1957, awamu yake ya mwisho ya msimu wa vuli humalizika siku za kwanza za mwezi huo, na baada ya hapo bei za hoteli hushuka. Jasho la kiangazi linakuwa limekwisha, mvua ni chache, na jioni mama atahitaji sweta nyepesi.

Asubuhi ya kwanza nendeni Shamian. Ni kisiwa kidogo kwenye ukingo wa kaskazini, urefu wake hata kilomita moja haufiki, kimetengwa na mji kwa mfereji mwembamba unaovukwa kwa madaraja mafupi. Zamani kilikuwa fungu la mchanga. Kwa karibu miaka 85, kuanzia 1757, Guangzhou ilikuwa bandari pekee ya China ambako wafanyabiashara wa Ulaya waliruhusiwa kununua chai, hariri na vyombo vya kauri, na hata hivyo walifungiwa kwenye nyumba chache za ukingoni nje ya ukuta wa mji. Baada ya vita vya kasumba, yaani afyuni, Waingereza na Wafaransa walijitwalia Shamian mwaka 1861, wakajenga mabenki, makanisa na nyumba za makonseli. Majengo hayo bado yapo, na ukiyatazama bila kujua yalivyopatikana utadhani ni mapambo tu. Mwambie mama habari yake. Mtu aliyekulia Dar, aliyeyaona majengo ya Wajerumani kando ya bandari, hatahitaji maelezo marefu.

Siku hizi Shamian ni mahali pa utulivu kuliko pengine popote katikati ya Guangzhou. Magari ni machache. Miti mikubwa ya jamii ya mkuyu, yenye mizizi inayoning'inia kama ndevu, inatia kivuli njia nzima. Kuna mabenchi kila baada ya hatua chache, wazee wanafanya mazoezi ya taratibu, maharusi wanapigwa picha mbele ya kuta za kale. Fikeni saa mbili asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya umati. Zungukeni polepole, mkae upande wa mtoni mtazame mashua zikipita. Msiwe na haraka ya kwenda kwingine. Wageni wangu wengi wenye umri wa mama yako, nikiwauliza mwisho wa safari walipapenda wapi, wamenitajia Shamian.

Karibu na hapo, Huangsha, kuna gati la kivuko cha umma. Nauli ni yuani chache tu, bei ya maji ya chupa. Pandeni, mvuke, mrudi. Wanaopanda ni watu wa kawaida wanaotoka sokoni na vikapu vyao, kama vile Kigamboni, na kutoka katikati ya maji ndipo utaona jinsi mji ulivyojipanga kando ya mto. Mimi naipenda safari hiyo fupi kuliko meli za fahari za usiku, ingawa nazo nitazieleza.

Sasa misikiti, maana hapa ndipo mlango wa moyo wa mama ulipo, kama simkosei. Ule wa Huaisheng uko katika mji wa zamani, karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Ximenkou. Ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya China. Wenyeji wanauhesabia umri tangu karne ya kwanza ya Hijra. Wanahistoria wanabishana juu ya tarehe hasa, lakini hakuna anayebisha kwamba Waarabu na Waajemi walikuwa na mtaa wao mjini humo enzi za watawala wa ukoo wa Tang, kati ya karne ya saba na ya kumi, na Waarabu walikuwa na jina lao la mji huo, Khanfu. Mtazameni mnara wake: una mita kama 36, mviringo, laini, hauna madaraja ya paa juu ya paa kama minara ya Kichina. Aliyewahi kuuona msikiti wa Mandhry pale Mombasa atasimama kidogo. Inasemwa kwamba taa iliwashwa juu yake kuongoza vyombo, na mtaa unaitwa Guangta, yaani mnara wa nuru. Leo mto hauonekani kutoka hapo. Ardhi imesogea kusini karne baada ya karne, mnara ukabaki ndani ya mji.

Nikisimama pale huwa nafikiria vile visahani vya kauri ya Kichina vilivyopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, hapohapo Dar. Vilipita bandari kama hiyo, vikabadilishwa mikono njiani, kutoka jahazi hadi jahazi, mpaka pwani yetu. Kama mama hajawahi kufika Kunduchi, mpeleke kabla ya safari. Ataangalia Guangzhou kwa jicho lingine.

Msikiti wa pili ni Xianxian, na jina lake unaweza kulifasiri Watangulizi Wema. Uko jirani na bustani ya Yuexiu, teksi fupi tu kutoka Xiaobei. Ndani ya bustani yake lipo kaburi ambalo Waislamu wa China wanalinasibisha na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Nisikufiche: wanazuoni wengi wanasema Saad alifariki karibu na Madina na kuzikwa Baqii. Ila aliyelala pale, awe nani, ameheshimiwa kwa karne nyingi, na mahali penyewe pana utulivu, miti mirefu na kijumba kidogo chenye kuba ambamo sauti hurudi kwa mwangwi. Ikiwezekana, mojawapo ya siku zenu iwe Ijumaa. Siku hiyo mtaswali pamoja na watu wa Xinjiang, Yemeni, Mali, Pakistani na Kantoni wenyewe, na nje ya lango wauzaji hupanga mikate ya tanuri, mishikaki ya kondoo, zabibu kavu na tende. Mama ale huko. Wanawake wana sehemu yao ya kuswalia, ulizeni mkifika getini.

Na chakula kwa ujumla usiogope. Tafuta maandishi 清真, yaani halali. Yahifadhi kama picha kwenye simu ili umwonyeshe mtu. Migahawa midogo ya tambi za kuvutwa kwa mkono, inayoendeshwa na Waislamu wa kaskazini-magharibi, iko karibu kila mtaa, na bakuli la supu ya nyama ya ng'ombe linashibisha. Kitakachowasumbua ni chakula cha Kikantoni chenyewe, kwa sababu nguruwe na mafuta yake huingia hata kwenye vitu usivyovidhania. Usimtegemee mhudumu anayesema "hakuna nyama", kwani mafuta kwake si nyama.

Hata hivyo mila moja ya Kikantoni ninatamani mama aione, hasa mkialikwa na muuzaji wako. Asubuhi watu wa Guangzhou "hunywa chai", yam cha kwa lugha yao, na kama kwetu, kunywa chai ni kustaftahi: vinakuja vikapu vidogo vya mianzi vya maandazi ya mvuke, kamba ndani ya ngozi nyembamba ya unga, wali uliofungwa kwenye jani la yungiyungi. Familia nzima inakaa kwa muda wa saa tatu, babu na gazeti lake, wajukuu chini ya meza. Ukimiminiwa chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili, ni asante hiyo. Birika likiisha, weka kifuniko chake upande, wataongeza maji moto. Omba mapema mpelekwe kwenye mgahawa wa halali, ambao hupatikana kuzunguka misikiti na Xiaobei. Mwenyeji wako hataona vibaya hata kidogo.

Mchana wa siku ya pili, kama goti linaruhusu, piteni kwenye nyumba ya ukoo wa Chen, iliyokamilika 1894. Familia za jina la Chen kutoka mkoa mzima zilichangishana kuijenga, vijana wao wapate pa kufikia wakija mjini kwa mitihani ya serikali. Tazameni juu: migongo ya mapaa imejaa watu, farasi na majumba ya udongo wa kuchomwa, mamia kwa mamia. Tahadhari ni vizingiti vya milango, vimeinuka sana, mshike mama mkono. Nusu saa ya kule ndani inatosha. Mtaa wa Beijing wenye maduka sikupendekezei, ijapokuwa kuna vioo vinavyoonyesha matabaka ya barabara za kale zilizofukuliwa chini. Niliwahi kumpeleka pale mzee mmoja kutoka Tanga katika wiki ya sikukuu ya Oktoba, umati ukatubana hadi akakosa pumzi, tukakaa sakafuni dukani karibu saa nzima. Sijajisamehe kwa siku ile, na tangu hapo mtu mwenye shida ya miguu simpeleki.

Jioni ndiyo ya upande wa mashariki. Mji mpya wa Zhujiang umesimama mahali palipokuwa mashamba miaka thelathini na kitu iliyopita. Mahali pa kukaa ni uwanja wa Huacheng na kisiwa cha Haixinsha mbele yake, palipofunguliwa Michezo ya Asia mwaka 2010. Fikeni saa kumi na moja, kabla jua halijazama. Kushoto na kulia kuna majengo mawili marefu, moja kama mita 440 na jingine mita 530. Chini yake kuna jumba la opera lililobuniwa na Zaha Hadid, mwanamke mzaliwa wa Baghdad, ambalo umbo lake ni mawe mawili yaliyolainishwa na maji ya mto. Jirani yake ni Makumbusho ya Guangdong. Kuingia ni bure, mnaonyesha pasipoti, hufungwa Jumatatu, na yana lifti, viti na kiyoyozi. Kama mchana mmechoka, anzieni humo.

Ng'ambo ya maji ni Mnara wa Canton, mita 600, uliobanwa kiunoni hadi wenyeji wanauita kiuno chembamba. Wengi wataniuliza kuhusu kupanda. Tiketi ya kawaida ni karibu yuani 150 kwa mtu, foleni ni ndefu, na ukiwa juu kitu kizuri kuliko vyote katika mandhari ile, mnara wenyewe, huuoni. Mimi ningebaki chini. Giza likiingia taa zake hubadilika rangi, na za mto mzima zinawaka nao.

Njia rahisi ya kumfikisha mama kule ni treni ndogo isiyo na dereva iitwayo APM, inayopita chini ya uwanja wa Huacheng na chini ya mto hadi kwenye mnara. Nauli yuani 2. Treni za kawaida ni nafuu pia, na vituo vina lifti, ila wakati mwingine lifti iko kwenye mlango mmoja tu wa kutokea, kwa hiyo fuateni alama ya kiti cha magurudumu badala ya kufuata umati. Ukinunua tiketi ya safari moja mashine inakupa kidonge cha plastiki kama sarafu. Kigusishe unapoingia, na ukitumbukize unapotoka. Vijana watampisha mama kiti, akubali.

Meli za matembezi ya usiku huondoka kwenye magati kadhaa, maarufu likiwa Tianzi, na huchukua saa moja na kidogo. Chukueni tiketi ya sitaha ya juu ikiwa ngazi zake si kali, la sivyo kaeni chini dirishani. Msilipie yenye chakula, si cha halali. Njiani mnaweza kupita chini ya daraja la Haizhu, la kwanza kujengwa juu ya mto huo hapo mjini, mwaka 1933. Lililipuliwa 1949, jeshi la Kuomintang lililoshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe likikimbia, likajengwa upya mwaka uliofuata. Karibu kila mwongozaji analipita bila kulitaja, wakati kwa miaka mingi lilikuwa njia pekee ya kuvuka kwa miguu.

Mambo matatu ya vitendo ambayo nisipokuambia nitakuwa nimekukosea. WhatsApp na Google hazifunguki kwa laini za China, kwa hiyo washa huduma ya kutumia laini yako ya nyumbani ukiwa nje, hata kwa bando dogo, ili baba au ndugu wamsikie mama kila jioni. Kadi yako ya Visa iunganishe na Alipay ungali Dar, kwa sababu hata muuza machungwa analipwa kwa simu. Lakini beba noti za yuani kidogo, nazo hupokelewa. Na la tatu, ambalo wanaume wanaosafiri peke yao hawalifikirii: vyoo vingi vya umma ni vya kuchuchumaa. Kwa goti la mama hilo ni shida kubwa. Tafuteni choo chenye alama ya kiti cha magurudumu, au ingieni kwenye hoteli kubwa na maduka makubwa, na tishu mbebe wenyewe.

Ukiwa Zhongda siku ya kwanza ya kazi, utaona vigoda vya kukunja vyepesi vinavyouzwa kwa watu wanaosubiri mizigo. Mnunulie mama kimoja. Haixinsha usiku mabenchi ya ukingoni hujaa mapema, na mandhari ile inataka mtu akae.